Mtoto ameingia kombaini: mwongozo kamili wa kumwandaa kwa kambi ya UMITASHUMTA

Mtoto wa mbio za mita 100 akiwa kambini anakimbia kwa sekunde 13 au 14 hivi. Muda mwingine wote wa siku hiyo anapanga foleni ya uji, anafua soksi, anatafuta ndala zake zilizovaliwa na mwenzake, na usiku anajaribu kupata usingizi kwenye chumba kilichojaa watoto asiowajua. Wazazi, na sisi walimu pia, tunamwandaa kwa zile sekunde. Muda mwingine wote tunamwachia Mungu. Matokeo yake, watoto wengi wanaoshuka kiwango kambini wanakuwa wameshachoka kabla ya kukutana na mpinzani: usingizi haukuja, tumbo lilivurugika, kiatu kipya kilichubua kisigino, au kuna jambo waliogopa kumwambia mtu mzima.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyepigiwa simu na mwalimu wa michezo akaambiwa mwanawe amechaguliwa. Nimeulenga UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi Tanzania, kwa sababu huko ndiko wengi wanakolala nje ya nyumbani kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mwenye mtoto wa sekondari anayekwenda UMISSETA atakuta karibu yote yanamhusu, na hata wa akademi ya soka ya mtaani.

Kwanza, ielewe safari yenyewe

Mashindano huanzia shuleni, yakapanda kata, halmashauri, mkoa, kisha taifa. Kila ngazi kuna mchujo. Timu ya kata inapovunjwa, wachache wanaingia kombaini ya wilaya, yaani timu ya waliochaguliwa kutoka kata zote. Ya wilaya ikivunjwa, wachache wanaingia ya mkoa. Kila kombaini hukaa kambi kabla ya kwenda mbele, kwa hiyo mtoto anayefika taifa anaweza kupita kambi mbili au tatu mfululizo, mara nyingi katika kipindi cha Mei hadi Juni na kuendelea, karibu na likizo.

Mambo mawili yanatokana na hilo. La kwanza, usisubiri barua ya mkoa ndipo uanze kununua sabuni. Mtoto akifika kombaini ya wilaya, muda kati ya kuitwa na kuondoka unaweza kuwa siku chache tu. La pili, mweleze mapema kwamba kuchujwa ni sehemu ya utaratibu. Watoto wanaorudi kutoka kambi ya mkoa wakiwa hawakuchaguliwa kwenda taifa huumia sana pale mtaa mzima ulipokwishaambiwa kwamba "anakwenda taifa". Subiri orodha ya mwisho isomwe ndipo utangaze.

Uliza pia kambi iko wapi. Miaka ya karibuni fainali za taifa zimefanyika Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa, na miji hii haifanani hata kidogo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mwezi Juni ni baridi kweli. Mtoto wa Tanga au Lindi akienda na shuka moja hatalala. Mtwara ni pwani, na Tabora na Mtwara zote ni mikoa yenye malaria nyingi. Mtoto aliyekulia Makete au Njombe, ambako mbu ni wachache, mwili wake haujazoea ugonjwa huo na ukimpata unaweza kumchukua vibaya.

Karatasi, na kishawishi cha umri

Andaa nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, fomu ya ruhusa ya mzazi, na kadi ya bima ya afya kama anayo. Hakikisha mwalimu ana namba yake ya PREM, kwa kuwa ndiyo inayomtambulisha kuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Majina kwenye cheti, kwenye rejista ya shule na kwenye fomu ya michezo yafanane herufi kwa herufi. Nimeona mtoto halali akiwekwa kando wakati wa uhakiki kwa sababu cheti kinasema Abdallah na fomu inasema Abdul, mwalimu wake akahangaika na simu hadi jioni huku wenzake wakipasha misuli.

Fomu ya ruhusa isome kabla ya kusaini. Iwe na majina ya viongozi wa msafara, tarehe za kwenda na kurudi, mahali pa kulala na nafasi ya kuandika magonjwa ya mtoto. Kama haina nafasi hiyo, andika nyuma ya karatasi na ubaki na picha yake kwenye simu yako.

Sasa lile linalosemwa kwa sauti ya chini. Atatokea mtu, pengine mtu mnayeheshimiana, atakayekushauri umpunguzie mtoto miaka miwili au umwazime jina la mwanafunzi mwingine ili acheze. Kataa. Anayecheza kwa jina la mwenzake ni mamluki, na akigundulika timu nzima hupoteza ushindi wake, watoto ambao hawakukosa lolote wakiwemo. Halafu kuna mbele. Tangu mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana wa kiume chini ya miaka 17, FIFA imetumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kukagua kupitia mifupa kama mchezaji amezidi umri. Kijana mwenye kipaji cha kweli anaweza kufungiwa mlango akiwa na miaka 16 kwa uongo ulioandikwa na wakubwa akiwa na miaka 11.

Mpeleke akapimwe wiki tatu kabla

Zahanati au kituo cha afya kinatosha. Mhudumu amsikilize moyo na mapafu, amwangalie macho na meno, ampime wingi wa damu. Jino bovu ni dogo ukiwa nyumbani, lakini usiku wa pili kambini linaweza kumnyima mtoto mashindano yote. Wewe mwenyewe jibu maswali haya kwa ukweli: amewahi kuzimia akikimbia? Kuna mtu kwenye ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana? Anakohoa au kifua kinambana baada ya mazoezi? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, daktari amwone kabla hajapanda basi.

Mwenye pumu aende na pampu yake, pamoja na ya akiba kama uwezo upo, na mlezi aonyeshwe inavyotumika. Mwenye kifafa dawa zake zihesabiwe zitoshe na kuzidi siku za kambi, na asiogelee wala kwenda ziwani bila mtu mzima anayemtazama yeye. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, inahitaji mazungumzo marefu zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na wengi wao wanapenda michezo kama wenzao. Baridi, kukosa maji na mazoezi ya kukamua mwili vyote huweza kuamsha maumivu makali. Daktari wake ndiye aseme kama atakwenda na kwa masharti gani, na masharti hayo mlezi awe nayo kwa maandishi. Kuficha ugonjwa ili mtoto asiachwe ni kumweka mahali ambapo usiku wa manane hakuna anayejua afanye nini.

Kuna maumivu mawili ya umri huu ambayo wazazi huyaita uvivu. Mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayerefuka haraka anaweza kuumwa chini ya goti, pakavimba kidogo na kuuma ukipagusa. Madaktari huyaita maumivu hayo Osgood-Schlatter. Mwingine huumwa kisigino. Yote hutokana na misuli kuvuta mahali ambapo mfupa bado unakua. Hupona kwa kupunguziwa mbio na kuruka. Ukimlazimisha, atafika kambini akichechemea.

Mazoezi ya wiki za mwisho

Kosa la kawaida ni kumkamua mtoto wiki ya mwisho ili "awe fiti". Mwili unakuwa fiti kwa kuongeza mzigo kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka mpunguzie, asafiri akiwa na hamu ya kucheza.

Kitu kimoja chenye faida kubwa ni kupasha mwili kwa mpangilio. Kwa soka kuna programu ya FIFA iitwayo 11+, na ya watoto huitwa 11+ Kids. Ni kama dakika 20 za kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, kujifunza kuanguka. Utafiti mkubwa uliofanywa Ulaya kwa watoto ulionyesha majeraha yakipungua karibu nusu kwa timu zilizoifanya mara kwa mara. Haihitaji kifaa chochote. Mtoto wa netiboli, ambaye kazi yake yote ni kuruka na kusimama ghafla, atanufaika nayo vilevile. Anaweza kuifanya nyuma ya nyumba, na wewe ukamtazama magoti: anapotua yasikimbiliane kwa ndani.

Viatu

Kiatu kipya kisianze kuvaliwa kambini. Njumu au raba zinunuliwe angalau wiki tatu mapema, avae nusu saa siku za kwanza, kisha mazoezi mafupi, kisha mechi nzima. Za mtumba hazina ubaya wowote. Nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi. Zikunje: zinatakiwa zipinde pale vidole vinapoanzia, siyo katikati ya unyayo. Kagua gundi ya soli kwa kuvuta kwa kidole, na upeleke kwa fundi akashone pembeni hata kama zinaonekana nzima. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, akiwa amevaa soksi atakazochezea. Usinunue kubwa "azikulie". Mguu unaoteleza ndani ya kiatu hutoka malengelenge mechi ya kwanza na kucha nyeusi mechi ya pili.

Mtoto wa riadha aliyezoea kukimbia peku asivalishwe viatu vya miiba asubuhi ya fainali kwa sababu tu wa mkoa mwingine wanavyo. Akimbie anavyojua.

Mfundishe kuishi bila wewe

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Chukua wiki mbili na umwachie kazi hizi azifanye mwenyewe, bila kukumbushwa: kufua jezi, bukta, soksi na nguo za ndani kwa mkono na kuanika, kutandika kitanda na kufunga chandarua hadi kiingie chini ya godoro pande zote, kuoga kwa ndoo nusu, kupanga begi na kulifunga kufuli, kuamka kwa saa. Soksi mbichi iliyokunjwa ndani ya begi huleta fangasi za miguu kabla ya nusu fainali. Mtoto anayejua kwamba soksi huanikwa mara tu baada ya kufuliwa, tena ndani-nje, ameshapata mafunzo ambayo kocha hana muda wa kumpa.

Alale nje mara moja au mbili kabla ya kambi. Kwa shangazi, kwa bibi, kwa jirani mnayemwamini. Usiku wa kwanza wa ugenini uwe mahali ambapo akilia kuna mtu wa kumfuta machozi.

Zungumzeni kuhusu kukojoa kitandani kama bado kunamtokea. Watoto wa miaka 10, 11, hata 12 wapo wengi, na kambini huwa wanaamua kukesha ili wasilale wakajikojolea. Unamwona uwanjani amepooza, kocha anadhani anaogopa. Fanya hivi: mwambie mlezi mmoja tu, faraghani, naye amwamshe kimya kimya saa tano usiku na kabla ya alfajiri kama anayekwenda naye msalani. Mpe shuka la ziada na kipande cha nailoni cha kutandika juu ya godoro chini ya shuka. Maji anywe ya kutosha mchana, ayapunguze kuanzia saa mbili kabla ya kulala, na chai ya usiku aiache. Usimtishe wala usimwahidi zawadi akikaa mkavu. Hajikojolei kwa kupenda.

Kwa msichana, funga pedi kwenye begi hata kama hajawahi kupata hedhi. Nyingi huanza katika umri huu, na safari na mazoezi havichagui tarehe. Mama, shangazi au dada amweleze jinsi ya kuvaa, kila baada ya saa ngapi abadilishe na wapi atupe, na kwamba kupata hedhi hakumzuii kucheza. Baba anayelea peke yake aliseme hili bila kigugumizi, au amtafute mwanamke wa kulisema.

Begi

Tumia begi moja analoweza kulibeba mwenyewe kwa mwendo wa dakika kumi. Aliyebebewa mizigo stendi na kaka yake atateseka siku ya kurudi. Ndani yake: jezi na bukta za mazoezi jozi tatu, soksi jozi nne, nguo za ndani za kutosha siku saba, traksuti au sweta, nguo moja ya heshima ya ibadani, ndala za bafuni, taulo, khanga au kikoi, shuka mbili, blanketi, chandarua chenye dawa. Uliza kuhusu godoro. Baadhi ya kambi hutoa, nyingine mtoto hubeba la sponji. Ndoo ndogo yenye mfuniko ina kazi nyingi: kuogea, kufulia, na kwenye basi hubeba sahani, kikombe na kijiko. Weka sabuni ya mche, mswaki na dawa ya meno, mafuta, kikata kucha, sindano na uzi, tochi, chupa ya maji ya lita moja, daftari na kalamu.

Andika jina kwenye kila kitu kwa kalamu ya wino usiofutika, hata ndala. Kwenye jezi zinazofanana, shona uzi wa rangi moja ndani ya kola. Mtoto aitambue nguo yake gizani.

Mchezaji wa soka asisahau vikinga vya ugoko. Simu ya gharama, cheni na saa ya baba vibaki nyumbani.

Chakula, maji na usingizi

Chakula cha kambi hakibadiliki sana: uji au chai na mkate asubuhi, ugali au wali na maharage, siku nyingine nyama au dagaa. Kinamtosha mwanamichezo endapo atakula. Shida ni mtoto anayechagua. Mwezi mmoja kabla, punguza kumpikia cha peke yake.

Chakula kikubwa kiishe saa mbili au tatu kabla ya mechi. Ikibaki saa moja, ndizi mbivu moja au viazi vitamu vichache vinatosha. Damu yake ijengwe tangu nyumbani kwa dagaa, maini, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au limau. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Kwa wasichana waliokwishaanza hedhi hili lina uzito wa pekee.

Maji anywe kabla hajasikia kiu, na mkojo wake ndio umwambie: ukiwa mweupe au njano hafifu yuko sawa, ukiwa kama chai anywe zaidi. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kioski si vya watoto. Vina kafeini nyingi na sukari nyingi, vinapandisha mapigo ya moyo na kuharibu usingizi. Mtoto akiharisha, apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa.

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kambi ikiamka saa 11 alfajiri, mtoto wa darasa la sita anapaswa awe amelala saa 2 usiku. Kwenye kikao cha wazazi uliza taa zinazimwa saa ngapi. Mimi naliona swali hili kuwa zito kuliko lile la rangi ya traksuti, ambalo huchukua nusu ya kikao.

Usalama wa mtoto

Watoto walio mbali na nyumbani, wenye hamu ya kumpendeza mtu mzima mwenye uwezo wa kuwachagua au kuwaacha, wako katika hatari. Mzazi ana haki ya kuuliza, na mwalimu mwema hachukizwi. Uliza: bweni la wasichana usiku analala mwanamke gani, na namba yake ni ipi? La wavulana je? Wavulana nao hudhuriwa. Mlango unafungwaje? Choo kiko umbali gani, na usiku mtoto anakwenda na nani? Akiumia, nani anamchua na wapi? Jibu sahihi kwa hilo la mwisho ni mahali pa wazi, watu wengine wakiwepo. Hakuna mtu mzima anayepaswa kumwita mtoto mmoja chumbani kwake, kwa kuchua mguu, kwa kupanga mbinu wala kwa kumpa zawadi.

Mtoto mwenyewe mwambie kwa maneno ya kawaida, mkiwa mnapika au mnatembea: "Mtu akikugusa pale panapofunikwa na nguo ya ndani, au akitaka umguse, sema hapana kwa sauti na uondoke. Mtu akikuambia usimwambie mama, hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Hata akiwa kocha. Hata akisema atakutoa kwenye timu. Sitakugombeza, na sitajali kombe." Hiyo sentensi ya mwisho irudie. Watoto hunyamaza kwa kuogopa kuiharibia timu au kuwaangusha waliowachangia nauli.

Akariri namba yako kichwani, na namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina malipo. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na kipigo kwa kosa la uwanjani kisikubalike kwa jina la nidhamu.

Hatari nyingine huja imevaa suti. Mashindano haya hutazamwa na wanaotafuta vipaji, na kati yao wamo matapeli. Mtu akimfuata mtoto na kumwahidi timu ya nje, mtoto ajibu, "Ongea na mwalimu na baba." Kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa waziwazi. Anayekuomba pesa za viza na majaribio kwa mtoto wa miaka 13 hana timu anayokwenda nayo. Usisaini chochote, usimpe cheti halisi cha kuzaliwa.

Simu, pesa na masomo

Kubaliana na mlezi siku na saa ya kupiga, kwa mfano jioni mbili kwa wiki. Siku mbili tatu za kwanza mtoto anaweza kulia akisikia sauti yako. Usimuulize "unanikumbuka?" Muulize amelala kitanda cha juu au cha chini, anakula na nani, leo wamefanya zoezi gani. Akisema anataka kurudi, msikilize hadi mwisho, kisha uliza kuna lililotokea. Kama ni upweke, mwambie utapiga tena keshokutwa na upige kweli. Kama kuna mtu anayemtisha au kumdhuru, mfuate.

Pesa iwe kidogo, ikae kwa mlezi, na iandikwe kwenye daftari. Kwa wa darasa la saba, ambaye mtihani wake wa taifa huwa Septemba, zungumza na mwalimu wa darasa kabla ya safari, omba orodha ya mada zitakazopita, na mpe mwanafunzi mwenzake kazi ya kumwandikia madaftari. Saa moja ya kusoma jioni inawezekana kambini walezi wakiitenga, nawe unaweza kuiomba.

Wapo wanaosita kumruhusu binti. Timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia India mwaka 2022. Wale walikuwa mabinti wa nyumba kama zako na zangu, na kuna mzazi aliyesaini fomu.

Akiumia

Enka ikiteguka, tuna mazoea ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua hapohapo. Acha kwa siku mbili tatu za mwanzo. Joto na kuchua huongeza damu na uvimbe. Apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu, afungwe bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya begi. Asipoweza kupiga hata hatua nne, apelekwe eksirei.

Aliyegonga kichwa akayumba, akasahau matokeo au kuona maluweluwe, hachezi tena siku hiyo hata kama ni fainali na hata kama anasema amepona. Akitapika, akisinzia kusiko kwa kawaida au kichwa kikizidi kuuma, hospitali mara moja. Waambie viongozi kabla hawajaondoka kwamba huo ndio msimamo wako kama mzazi, ili mwalimu anayebanwa na mashabiki awe na pa kuegemea.

Ukipata nafasi ya kwenda kutazama, kaa mbali na benchi. Shangilia timu. Maelekezo mwachie kocha, mtoto hawezi kusikiliza sauti mbili.

Akirudi

Usianze na "mmeshinda?" Mpe maji ya kuoga, chakula, na usingizi wa siku mbili. Begi lifungueni pamoja, na umtazame miguu, ngozi na mwili wote kama una haki hiyo kwa umri wake. Maswali yawe wazi: ulimpenda nani, nini kilikuudhi, kuna mtu mzima ambaye hungependa kuwa naye tena? Mazoezi makali yasubiri wiki moja.

Halafu homa. Kutoka mbu alipomuuma hadi malaria kujitokeza hupita angalau siku 7, mara nyingi 10 hadi 15, kwa hiyo mtoto aliyelala Tabora au Mtwara anaweza kuugua akiwa tayari ameketi darasani kwenu, mahali ambapo hakuna anayefikiria malaria. Homa yoyote katika wiki nne baada ya kurudi, apelekwe akapimwe ndani ya saa 24 badala ya kupewa panadol na kuachwa alale nyumbani, na mhudumu aambiwe mtoto alikuwa mkoa gani na alilala huko tarehe zipi.